Makaburi Mawili Nyuma ya Jiko

Kiangazi kikiingia, mto wetu hupungua na mchanga hutokea. Kwa sisi watu wa Kindu hiyo ndiyo pwani. Hatuna nyingine, na sijaona sababu ya kuwaonea wengine wivu. Asubuhi wanawake hufua, mchana mitumbwi hushusha magunia ya mchele, jioni vijana huoga na kucheza mpira. Na mimi, mwanamke mtu mzima mwenye wajukuu, hupita pale polepole na fimbo ndefu yenye sahani ya duara chini, visikilizio masikioni, nikitafuta chuma kilichofukiwa. Fimbo hiyo ni detekta. Wanaonijua huniita mama detekta. Wasionijua hudhani akili zimeniruka, nami sina muda wa kuwasahihisha.

Niliipata kwa mdogo wangu. Alikwenda Kabambare kutafuta dhahabu, akakaa huko miaka, akarudi na mgongo mbovu na hicho kifaa. Alikiweka mezani kwangu, akaniita yaya, yaani dada mkubwa, akasema, "Yaya, kamata hii. Miye nimechoka na udongo." Alidhani nitakiuza. Nilikijaribu uani kwangu siku hiyohiyo, nikafukua kijiko cha supu kilichopotea tangu binti yangu wa kwanza aolewe, nikafurahi kama nimeokota johari. Toka hapo hatujaachana.

Kama kuna mtu anadhani kazi hii huleta utajiri, aje nimwoneshe mfuko wangu. Misumari, vifuniko vya chupa, makopo ya dagaa wa bati, vipande vya jembe. Vyote navibeba nyumbani, hata takataka, maana chuma nilichokitoa mchangani nikakirudisha palepale kitamchoma mguu mtoto wa mtu kesho. Kabla ya kuanza nawaendea wanawake wanaofua, nasalimu, naomba nafasi. Shimo nililochimba nalifukia na kulikanyaga mpaka mtu asijue kwamba niliinama hapo. Na nikisikia sauti nzito mahali ambapo wakati wa vita walikaa askari, sichokonoi. Siku moja sahani ilipiga kelele karibu na gati la zamani, nikapangusa mchanga kwa kiganja, nikaona mgongo wa kitu cha kijani chenye mapezi. Niliondoka kinyumenyume. Nilichomeka mti nikaufunga kitambaa chekundu, nikawafukuza watoto kwa matusi, nikakaa mbali nikilinda hadi walipokuja wale wanaojua kazi ya mabomu. Mpaka leo nikipita hapo nashukuru kwamba siku ile sikuwa na haraka.

Hasira yangu kubwa katika kazi hii ilitokana na bustani ya mji. Ni ile iliyo karibu na stesheni, yenye mabenchi ya saruji na majani ambapo watu hukaa kungoja treni isiyofika. Walikuja vijana na detekta yao, sijui walitoka wapi, wakasikia kwamba Wazungu wa zamani waliacha sarafu pale. Walichimba kama nguruwe pori. Walipokosa sarafu wakaenda zao, mashimo yakabaki wazi. Mama mmoja mwenye kapu la mihogo kichwani alitumbukiza mguu akavunjika. Basi mji mzima ukanitazama mimi, kana kwamba kila mwenye detekta ni ndugu yangu. Nilichukua koleo nikaenda kufukia mashimo ambayo sikuyachimba, huku nikitukana kwa sauti, na waliokuwa wanangoja treni wakaona afadhali waje kunisaidia kuliko kunisikiliza. Tulimaliza kabla ya mchana. Tangu siku ile shefu wa avenii, mkubwa wa mtaa wetu, akinikuta na fimbo yangu hunisalimu kwanza.

Na pete ndiyo iliyonipeleka kwenye jambo ninalotaka kusimulia. Niliiokota asubuhi moja penye mitumbwi, pete ya ndoa, nyembamba. Ningeweza kuitia kidoleni na hakuna ambaye angeniuliza. Lakini nilipeleka tangazo msikitini, na jirani yangu Mkristo akalipeleka kanisani: imeonekana pete, mwenyewe aje aeleze ilivyo. Walikuja wanawake kadhaa. Mmoja alinielezea pete yenye jiwe jekundu kwa ufundi mkubwa hata nikasikitika kwamba sikuwa nayo. Kisha akaja mfanyabiashara wa mchele kutoka Kibombo, akasema pete yake iliwahi kukatwa alipovimba vidole akiwa na mimba, ikaungwa tena, na alama ya kiungio iko ndani. Nikaigeuza. Ilikuwepo. Alilia akanikumbatia mbele za watu, akanipikia wali kwa kuku, akarudi kwao. Huko sokoni Kibombo alisimulia habari zangu na kuongeza chumvi anavyojua mwenyewe. Alisema Kindu kuna mama ambaye mashine yake inaona chini ya ardhi, na hachimbi mpaka aulize, na makaburi hayagusi hata kwa bunduki.

Hilo la makaburi hakuongeza chumvi. Nyumbani kwetu, nyuma ya jiko, kulikuwa na makaburi mawili, na mama yangu ndiye aliyenifundisha.

Mama alikuwa mshonaji. Kabla ya vita alikuwa na cherehani yake, nyeusi, ya mkono, ambayo baba aliipata alipokuwa akifanya kazi relini. Nakumbuka sauti yake kuliko ninavyokumbuka sauti ya baba. Nguo zetu, ada zetu, mboga ya sombe na mafuta, vyote vilipita chini ya sindano ile. Vita ilipokaribia mji, baba alitutanguliza sisi na mama kwenda kijiji cha Tunda kwa miguu, yeye akabaki nyuma kuficha vitu. Kila mtu alificha. Wengine walitumbukiza masufuria kisimani, wengine walifukia baiskeli shambani. Tatizo ni kwamba askari walishajifunza. Walikuwa wanamwaga maji uani na kutazama: udongo ukiyanywa haraka, wanajua hapo pamechimbwa juzi, wanaleta majembe. Kwa hiyo watu wengine walianza kuficha vitu chini ya kaburi la uongo, maana udongo mbichi wa kaburi hauhitaji maelezo.

Baba alifanya hivyo. Aliipaka cherehani mafuta ya mawese, akaifunga kwenye turubai, akachimba kufika kiunoni, na juu yake akapandisha tuta dogo, la mtoto. Alidhani hata askari ataona haya kufukua mtoto. Baba alikuwa Mwislamu mwenye kuogopa mambo hayo, na kitendo kile kilimsumbua. Alitufuata Tunda, akashikwa na homa mwezi huohuo, na dawa hatukuwa nazo. Katika maneno yake ya mwisho kwa mama mojawapo lilikuwa hili: "Masini yako iko nyuma ya jiko, chini ya kaburi ya mutoto. Sikuilaza kwa Kibla. Niliilaza sawa na ukuta, kusudi Mungu ajue ile si kaburi." Tulimzika yeye kulekule Tunda, akielekea Kibla inavyotakiwa.

Tuliporudi Kindu nyumba ilikuwa imebaki kuta. Mama hakutazama paa wala mlango. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko. Mimi nilimfuata nikiwa nimembeba mdogo wangu. Tulikuta matuta mawili ya mtoto, kando kwa kando, yote yamelazwa sawa na ukuta.

Jirani mzee aliyekuwa hajakimbia alitueleza kupitia ua. "Kulikuwa wakimbizi humu, walitoka upande wa Kibombo. Walizika muntu. Ni lipi, sijue." Vita ilikuwa na tabia hiyo: sisi tulikimbia mji kwenda vijijini, wengine walikimbia vijiji kuja mjini, labda tulipishana njiani tukasalimiana.

Niliwaza mama angechimba. Tulikuwa na njaa, na cherehani ilikuwa hatua chache kutoka miguuni petu. Jirani mwenyewe alisema achimbe kidogo kwa pembeni, akikuta sanda afukie. Mama alimjibu taratibu, kwa sababu alimheshimu: "Huko chini iko mutoto ya muntu. Sitamuamsha juu ya chuma. Mwenye mufu iko mahali fulani. Siku atakuja, tutamuuliza."

Hakuja. Miaka ikapita. Mama alitulea kwa sindano ya mkono, akishona pindo na vifungo na viraka vya watu, ncha za vidole vyake zikawa ngumu kama ganda la karanga. Nilipokuwa msichana nilimkasirikia kwa hilo. Nilimwona anainamia kibatari akitia uzi, na cherehani yake mwenyewe imelala nyuma ya jiko, nikatamani kulia kwa ghadhabu. Sasa nina umri wake wa wakati ule na zaidi, na sijui nimshukuruje. Alikuwa na haki ya kuchimba kwake mwenyewe. Alikaa na haki hiyo bila kuitumia, kwa ajili ya mtu ambaye hakumjua jina. Kila Ijumaa alifagia matuta yote mawili na kuyasomea dua yote mawili, la kweli na la uongo, kwa kuwa hakujua lipi ni lipi. Mvua ziliyapunguza hadi yakabaki vinyanyuko vidogo, naye akavizungushia mawe.

Nilipopata detekta nilikwenda kwake mbio. Nikamwambia sasa hatuna haja ya kuchimba, nitapitisha sahani juu tu, na chuma kitasema kiko wapi. Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakunyanyua hata uso. "Utapita juu ya mutoto ya muntu na masini, na mama yake hajue?" akauliza. Nilisema mama yake hatajua kamwe. "Njo maana," akasema, yaani hiyo ndiyo sababu yenyewe ya kutopita, akaendelea kupepeta. Nilirudi kwangu nikiwa nimenuna wiki nzima. Lakini ndipo nilipoanza kuomba ruhusa kila mahali, hata mchangani ambapo hakuna mwenyewe.

Sasa nimfikie mwanamke mwingine, aliyesikia habari zangu huko sokoni Kibombo. Alifika asubuhi moja ya kiangazi, amepanda pikipiki kutoka Kibombo, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa mzee kidogo kuliko mimi, mwembamba, rozari shingoni. Nilikuwa kwa mama, kama ilivyo desturi yangu ya kumletea samaki. Alisimama penye ua akaomba hodi, akasema, "Niliambiwa kuna mama moja huku iko na masini, na hachimbe bila kuuliza. Njo yeye ninatafuta. Walinionyesha hapa."

"Njo miye," nikamwambia. "Karibu, mama. Kaa kwanza, unywe maji."

Hakukaa. Alikuwa anatazama uani, anatazama kisima, anatazama ukuta, na uso wake ulikuwa unabadilika. Alikuja kwa sababu ya detekta, kuniomba nitembee naye kutafuta nyumba fulani ambayo hakuikumbuka vizuri, na pikipiki ilikuwa imemshusha palepale. "Jiko hii," akasema polepole, "ilikuwa na mulango upande ule."

Mama aliweka ungo chini. Jiko lilijengwa upya baada ya vita, na ni kweli mlango ulihamishwa. "Weye njo ulizika hapa?" mama akamuuliza.

"Njo miye, mukubwa yangu. Mutoto mwanaume. Homa ilimukamata njiani, tukaingia humu kwa mvua, hakumaliza siku mbili."

Mama aliinuka kwa kushika ukuta. Alimwendea akamshika mabega yote mawili. Nilitarajia amwambie pole, na alimwambia, lakini kwanza alisema, "Aksanti kwa kuja. Nimekungojea sana."

Tulikwenda nyuma ya jiko. Alipoona vile vinyanyuko viwili vilivyofagiwa, vyenye mawe pembeni, alikaa chini palepale kwenye vumbi. Alisema alikuwa anaogopa kuja miaka yote, akidhani patakuwa pamejengwa choo. Kisha akatueleza. Aliokota uani jembe lililovunjika mpini, akachimba kwa hilo na kwa mikono, si kwenda chini sana. Alichagua mahali pale kwa sababu alikuta kaburi jipya la mtoto. "Nikasema, basi, mutoto yangu hatalala peke yake. Nikamulaza vilevile, sawa na mwenzake."

Siku chache baadaye askari walikuja na ndoo ya maji na majembe. Waliona matuta mawili wakacheka, wakasema hila hiyo wanaijua. Yeye alikuwa amekaa hapo. Aliwaambia, "Chimbeni. Anzeni na hii, mutazame mutoto yangu. Kisha mutanizika pembeni yake." Walimtazama, mmoja wao akavua kofia, wakatoka. Hawakurudi katika ua ule.

Mama alinitazama na mimi nikamtazama. Sote wawili tulikuwa tumeelewa ni nani aliyeilinda cherehani.

Nilidhani mama atanyamaza kwanza. Lakini hakutaka kuomba ruhusa huku anaficha neno, naye alimweleza yote: baba, turubai, mafuta ya mawese, tuta la uongo. Alimwambia kwa upole mkubwa, akimshika goti. Yule mwanamke alisikiliza, na mwisho akauliza, "Basi ile ingine haina mutoto?"

"Haina."

"Basi mutoto yangu alilala peke yake," akasema. Hapo ndipo alipolia. Alikuwa hajalia hata alipotusimulia habari za askari.

Mama hakukimbilia kumnyamazisha. Alingoja. Kisha akasema, "Hapana, mama. Hakulala peke yake. Miye nilikuwa naye kila Ijumaa. Sikujua yeye iko ku lipi, njo maana nilifagia yote mbili."

Baadaye tulimuuliza anakumbuka ni lipi. Alijaribu. Alisema upande wa mlango, halafu akakumbuka kwamba mlango umehama, akasema upande wa migomba, na migomba haikuwepo tena. Alizunguka, akasimama huku na huku, akarudi alikoanzia. Alikuwa ametoka Kibombo ili apige magoti mahali pamoja, na mahali penyewe palikuwa panamkimbia. Nikamwambia kuhusu detekta. Nikamweleza haichimbi wala haigusi ardhi, inapita juu tu na kusikiliza. Chini ya tuta moja kuna chuma kikubwa, chini ya lingine hakuna, na lile litakalokaa kimya ndilo lake. Akiona si vyema, ataniambia nami nitaiweka. Alifikiri, akatikisa kichwa kukubali. "Pita," akasema, "lakini polepole."

Nilivua viatu. Nilichomoa visikilizio ili sauti itoke wazi na kila mtu aisikie, maana haikuwa haki niisikie mimi kwanza. Nikapitisha sahani juu ya kinyanyuko cha kwanza. Ikalia. Mama akavuta pumzi. Nikahamia cha pili, nikiwa na uhakika wa kimya, na sahani ikalia tena.

Sitasahau uso wa yule mwanamke. Alinitazama kana kwamba nimemnyang'anya kitu. Mama naye alikuwa amepauka, kwa kuwa alidhani labda baba katika homa yake alisahau, labda alifukia vitu mahali pawili, labda huyu mtoto hayupo hapa kabisa. Vijana wale wa bustani wangeshika jembe. Na mimi, niseme nini, mkono wangu ulikuwa unawasha. Kiganja kimoja cha udongo, na tungejua. Niliilaza detekta chini, mbali na makaburi, nikachuchumaa mbele ya yule mwanamke.

"Mama," nikasema, "kuna kitu ya chuma uliweka pamoja na mutoto?"

Alisema hapana. Walikuwa hawana chuma, walikuwa hawana chochote. Alimfunga kwa kitenge chake mwenyewe. Akarudia kutaja vitu, kitenge, mkeka nusu, na katikati ya kutaja akaacha. Mkono wake ulipanda mdomoni.

"Kikombe," akasema. "Kikombe yake ya bati. Alikuwa analia juu ya kiu ya maji, hakuiachilia. Nikamuachia."

Niliomba ruhusa nipite mara moja tena, akakubali. Safari hii nilisikiliza kama nisikilizavyo mchangani. Juu ya kile cha kwanza sauti ilikuwa nene na pana, ilianza kabla ya jiwe na kwisha baada ya jiwe. Ilikuwa cherehani ya mama, kama nilivyoijua tangu utotoni, isipokuwa kwamba sasa ilinung'unika badala ya kuimba. Juu ya kile cha pili sauti ilikuwa nyembamba, mahali pamoja tu, na ukisogeza sahani kidogo inapotea. "Ni huyu," nikasema, nikaonesha kwa kiganja, sikugusa. "Na kikombe chake bado anacho, hapa."

Alipiga magoti hapo akakaa muda mrefu. Mimi na mama tulirudi upande wa pili wa jiko, tukachagua mchele ambao ulishachaguliwa.

Aliporudi uso ulikuwa umetulia. Alisema mtoto wake abaki palepale, na alimwambia mama, "Sasa chimba masini yako, mukubwa yangu. Umeingoja."

Mimi tayari nilikuwa nimesimama kwenda kuchukua koleo. Mama akaniambia niketi. Alisema tukichimba pale tutamtikisa mtoto aliye pembeni, na kwamba mikono yake imeshazoea, na watoto ambao cherehani ingewalisha wamekula wakashiba bila hiyo. "Wamezoeana hao wawili," akasema. Nilikasirika, na nilisema nimekasirika. Lakini ardhi ilikuwa yake na chuma kilikuwa chake, na sheria yangu ya kwanza ni kwamba mwenye ardhi akisema hapana, unakunja fimbo yako. Nikaikunja.

Tulikula pamoja, wali na wale samaki wangu. Wakati wa kuaga mgeni wetu alisimama na mfuko wake mkononi, akasita. Alisema kuna jambo moja linamtatiza. Kila Jumapili, miaka yote hii, alipomwombea mtoto wake alimwombea na mama wa yule mtoto mwingine. Alimwomba Mungu amfute machozi mama yule, na watoto waliombakia awakuze. "Sasa sijue nilikuwa ninaombea nani," akasema, akicheka kidogo kwa aibu.

Mama alinishika mkono, huu uliojaa sugu za kuchimba, akauweka mikononi mwa yule mwanamke.

"Uliniombea miye," akamwambia. "Na watoto njo hawa. Angalia, wamekuwa wakubwa."

Aliushika mkono wangu, akaugeuza juu na chini, akaukagua kama mtu anayekagua kitu alichokipoteza akaletewa. Mama aliingia ndani akatoka na ufagio, akampa. Yule mwanamke alirudi nao nyuma ya jiko, akafagia la mtoto wake, kisha, bila kuambiwa, akafagia na lile la cherehani.